Naomba ushauri: adhabu ya mchezaji anayekosa mazoezi

Wakuu, tunaandika kanuni za timu ya shule, watoto wa miaka 11 hadi 14. Mengine hayana shida: mzazi atie saini kabla ya mazoezi ya kwanza, kadi nyekundu imkoseshe mechi inayofuata.

Kinachonisumbua ni utoro. Ukimnyima mtoto mechi nzima, pengine unamwadhibu kwa kuchelewa kwa mzazi, maana umri huu wanategemea kupelekwa. Ukimwanzisha mfungaji bora hivyo hivyo, wenzake wanaona. Matokeo yake, wiki inayofuata unapanga koni za mazoezi, wanafika sita tu.

Nafikiria aanzie benchi kipindi cha kwanza, aliyetoa taarifa mapema asiguswe. Je, aliyeugua ghafla bila kuaga mnamhesabuje? Na adhabu ya kuzunguka uwanja mmeiacha? Naona inawafanya wachukie kukimbia.