Sindano kavu ya msuli, kuna mtu amedungwa?

Wasee, naendesha boda Kayole hadi tao kutwa nzima na bega limekaza miezi 3 sasa, tembe zinatuliza maumivu kidogo halafu yanarudi, sasa mtu wa fizio (tiba ya misuli na viungo) anataka kunidunga sindano isiyo na dawa, itasaidia aje?

— Pole ndugu. Mimi nilidungwa mgongoni. Ni kasindano kembamba sana, anatafuta lile fundo linalouma ukiguswa anadunga hapo hapo, msuli unaruka wenyewe kisha unalegea. Siku 2 nilikuwa na uchungu kama nimebeba simiti, halafu nikaanza kuinama vizuri. Lakini fanya mazoezi atakayokupa, sindano peke yake haitoshi kabisa.

— Mimi ni wa fizio. Si mambo mapya, daktari Karel Lewit wa Chekoslovakia aliandika kuihusu 1979. Ila bega liko karibu na pafu na sindano ikienda vibaya inaweza kulitoboa, kwa hivyo tafadhali uliza leseni na kama amesomea hii, na afungue sindano mpya ukiona. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda mwambie mapema. Ukikosa pumzi baadaye, kimbia hospitali usingoje asubuhi.

— Asanteni sana, leseni nitaiuliza kwanza.