Iquitos au Leticia: wapi panakalika mwaka mzima?

Mguu_Njiani: Wakuu, salaam. Kazi yangu ni ya kuandika, sihitaji ofisi. Nimebaki na miji miwili ya Amazon: Iquitos ya Peru na Leticia ya Colombia. Yote haina barabara ya kuiunganisha na nchi yake, unafika kwa ndege au kwa mto. Habari za utalii sitaki. Nipeni maisha ya mkazi.

Kasia: Mkuu, nimekaa Iquitos. Kwanza futa picha ya kijiji kichwani. Ni jiji la watu zaidi ya laki nne, lina benki, vyuo na makelele ya bajaji tangu alfajiri. Barabara ndefu ya kutoka nje ni moja, kama kilomita 100 hadi Nauta, na huko nako inaishia mtoni.

Umbali huusikii mtaani, unausikia kitu kikiharibika. Spea isiyopatikana mjini inakuja kwa ndege toka Lima na gharama yake, au kwa meli toka Yurimaguas au Pucallpa, siku kadhaa, na mto ukikubali. Maji hupanda na kushuka kama mita 10 kwa mwaka. Yakijaa, mnamo Aprili na Mei, watu wa mtaa wa Belén hutembeleana kwa mitumbwi. Nyumba nyingine ziko juu ya nguzo, nyingine zinaelea juu ya magogo. Ukitafuta chumba, uliza maji hufika wapi kabla hujauliza kodi.

MamaForodha: Mimi ni wa Leticia. Mji mdogo, unaumaliza kwa miguu, na wambea wanakujua ndani ya wiki. Kinachouokoa ni Tabatinga ya Brazil, iliyoshikana nao kabisa: unavuka bila kuulizwa pasipoti, na peso na real zote zinapokelewa. Kikikosekana huku unakifuata kule. Ila ugonjwa mzito ni ndege hadi Bogotá, kama kilomita 1,100. Mwenye maradhi ya kudumu nisingemshauri.

Mchokozi: Mbona mmeisahau Weipa, Australia? Kitropiki, mbali, na barabara ipo.

Kasia: Ipo kiangazi, Mchokozi. Masika inafungwa. Halafu ule ni mji wa mgodi wa boksiti, nyumba nyingi ni za mgodi. Mwandishi atapanga wapi?

Dozi_Kamili: Kabla ya yote, chanjo ya homa ya manjano. Iquitos ina dengi, na mbu wake huuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku pekee haikulindi. Malaria ya huko mara nyingi ni ya vaivaksi, ambayo hujificha kwenye ini na kuibuka tena. Ukipewa dawa ya siku nyingi, imalize.

Mguu_Njiani: Naelekea Iquitos, kwa sababu ya ukubwa. Je, nikichoka naweza kushuka Leticia?

MamaForodha: Unaweza, mwanangu. Kuna boti za kasi hadi Santa Rosa, upande wa Peru, ng'ambo ya Leticia, safari ya kutwa nzima. Usipange Septemba tu. Mwaka 2024 ukame uliushusha mto hapa Tabatinga kuliko ulivyowahi kupimwa, tukawa tunatembea juu ya mchanga mahali pa kupita boti. Na ugonge muhuri wa kutoka Peru kabla hujavuka, wengi husahau.