Dirii za Kirumi kwa jukwaa la shule: povu linafaa, au kuna njia bora zaidi?

MwalimuWaMaigizo aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, wanafunzi wangu wa sekondari wanajiandaa kuigiza tamthilia kuhusu kuuawa kwa Julius Caesar na vita vilivyofuata. Nimekusanya mikeka ya povu ya watoto, ile ya vipande vinavyopachikana, yenye unene wa milimita 10, pamoja na gundi ya mafundi viatu na pasi ya kawaida. Ninakusudia kutengeneza dirii za mabamba kama zile tunazoziona kwenye picha za askari wa Kirumi. Naomba kujua jinsi ya kulifanya povu lishike umbo la kifua, lionekane kama chuma, na lisifumuke pale mwigizaji anapoinama.

FundiWaPovu alijibu:

Mwalimu, hofu yako kuhusu kuinama ina jawabu zuri katika dirii zenyewe za kale. Vipande vilivyofukuliwa Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1964 vilionyesha kwamba mabamba hayakuunganishwa moja kwa moja, bali kila bamba lilipigiliwa kwenye mikanda ya ngozi iliyopita kwa ndani, na bamba la juu likafunika ukingo wa lile la chini. Fanya vivyo hivyo: usigundishe povu kwa povu, bali gundisha kila ukanda kwenye tepe za kitambaa kigumu, mbili mgongoni na mbili kifuani, nawe utaona vazi zima linajikunja na kunyooka pamoja na mwili.

Kabla ya kukata chochote, mviringishie mwanafunzi mfuko wa nailoni juu ya fulana, ubandike utepe wa karatasi unaonata pande zote, uchore mistari ya mabamba, kisha ukate ganda hilo pembeni na kulilaza mezani, kwa sababu kielelezo kilichotoka mwilini hakidanganyi kama kile kilichopimwa kwa rula. Milimita 10 ni nene mno kwa mabamba. Tafuta povu la milimita 5. Pasi yenye moto wa wastani, ikipitishwa juu ya karatasi ya kuokea, hulilainisha. Likunje juu ya sufuria kubwa na ulishikilie mpaka lipoe, nalo litabaki na mpindo huo. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo vipande vikutanishwe. Fanyeni kazi hiyo nje, mbali na jiko lolote, kwa kuwa mvuke wake unadhuru mapafu na unashika moto upesi. Mwisho paka tabaka tatu za gundi nyeupe ya mbao ili kuziba vinyweleo, rangi nyeusi, kisha rangi ya fedha kwa brashi iliyo karibu kukauka.

MpenziWaHistoria alijibu:

Maelezo hayo ni sahihi kabisa kwa upande wa ufundi, lakini ningemshauri Mwalimu asianze na mabamba. Caesar aliuawa mwaka 44 KK, ilhali mabaki ya mwanzo kabisa yanayojulikana ya dirii za mabamba, yaliyopatikana Dangstetten kusini mwa Ujerumani, ni ya kambi iliyotumika kati ya mwaka 15 na 9 KK hivi. Askari waliopigana Filipi mwaka 42 KK, katika vita vilivyofuata kifo cha Caesar, walivaa deraya za pete za chuma, zenye kipande cha ziada mabegani kilichofungwa kifuani kwa kulabu.

Deraya ya namna hiyo huigwa jukwaani kwa kufuma uzi mnene wa kijivu kwa sindano nene, kisha kuupitishia rangi nyeusi na ya fedha juujuu, na kutoka safu ya tatu ya viti huwezi kuitofautisha na chuma. Isitoshe, waliomchoma Caesar walikuwa wabunge waliovaa toga, yaani vazi refu la kitambaa la kujizungushia mwilini, kwa hiyo mavazi ya kivita yanahitajika tu katika sehemu za mwisho.

MwalimuWaMaigizo:

Nawashukuru sana. Tunao wanafunzi wanaofuma vizuri, basi nitafuata njia ya uzi na kubakiza povu kwa ajili ya chapeo. Vipi kuhusu ngao na majambia?

FundiWaPovu alijibu:

Kwa ngao, igeni ile iliyopatikana Kasr el-Harit, Fayum, nchini Misri, mwaka 1900: urefu wa sentimita 128, upana wa 63.5, na tabaka tatu za vipande vyembamba vya mti vilivyopishana. Tumieni maboksi badala ya mti, mpishanishe mikunjo yake kwa gundi, na mfunge yote kuzunguka pipa mpaka yakauke. Kishikio kiwe cha kulala, cha kushikwa kwa ngumi katikati, wala si kamba ya mkononi.

Majambia ndipo mikeka yako ya milimita 10 inapopata kazi yake. Tazama sarafu ya Brutus, mmoja wa waliomwua Caesar, ya mwaka 43 au 42 KK, yenye majambia mawili yenye vipini tofauti, uchukue umbo kutoka humo. Gundisha tabaka mbili, zungusha ncha iwe butu, na usiweke mti wala bomba ndani, kwani kwa urefu wa sentimita 30 povu hujitegemea, na tendo lenyewe litafanywa na vijana wengi kwa mara moja wakiwa na msisimko. Unaposugua kingo kwa msasa, vaa barakoa.