Siku moja Kilimanjaro: Mandara, Materuni au Chemka?

Kijana wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Tunakuja Moshi kwenye harusi. Shughuli ni Jumamosi, Jumatatu alfajiri tunapanda basi kurudi Dar. Jumapili hiyo ya katikati nataka familia iukanyage Mlima Kilimanjaro, maana watoto wanaujua kwenye lebo ya chupa tu. Nimetajiwa njia tatu: (a) kupanda kutoka geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara na kurudi, (b) maporomoko ya Materuni pamoja na kahawa, (c) kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka. Wenye uzoefu, ipi inalipa?

Mbega82
Mandara, wala usiumize kichwa. Hayo mengine si mlima. Materuni ni kijijini, nje ya hifadhi. Chemka ndio kabisa, iko tambarare kule Hai. Mandara iko mita 2,720, njia yote msituni, kivuli tupu, mbega na kima juu ya vichwa vyenu. Kupanda kama saa tatu, kushuka mbili. Mkifika ongezeni robo saa hadi Kreta ya Maundi. Kukiwa kweupe mtaona vilele vya Kibo na Mawenzi, na upande wa pili hadi Taveta, Kenya.

MzeeWaKihamba
Kijana, bado hujasema kitu. Mwezi gani? Watoto wana umri gani? Mna gari au mtapanda daladala? Kuna asiye raia wa Afrika Mashariki? Hilo la mwisho si umbea. Getini wanatoza kwa uraia: wa kwetu analipa kwa shilingi, mgeni wa nje dola 70 kabla ya VAT, hata kama anapanda na kushuka siku hiyohiyo.

Kijana wa Mbagala
Watoto wawili, miaka 6 na 11. Tuna Noah ya kukodi. Bajeti ya kawaida tu mzee wangu.

MzeeWaKihamba
Ya kawaida ya nani? Na mwezi bado hujataja.

Nyuki Mwekundu
Mimi Mandara sitaki hata kuisikia, ngoja niwasimulie. Tulikuwa kikundi cha kazini. Mwenzetu akapatana na kijana mmoja mjini aliyejitambulisha kuwa muongozaji, akampa hela yote: kiingilio, muongozaji, chakula. Ahadi ilikuwa saa moja asubuhi. Akatokea saa tatu na nusu, anatabasamu. Kufika getini askari wanauliza leseni, jamaa anasema ameisahau nyumbani. Wanauliza malipo, anasema ana keshi. Getini pale hakuna keshi, ni kontrol namba au kadi. Akasema ngoja apokee simu, akasogea nyuma ya magari, na hiyo ndiyo ikawa kwaheri. Ikabidi tuchange upya na kutafuta muongozaji mwenye leseni. Huyo alikuwa mtu wa maana sana, sina neno naye, ila tulianza kupanda karibu saa sita. Nusu ya njia mvua ikashuka kama imetumwa. Dada mmoja alivaa raba za kutokea, kila mzizi anaukalia. Mandara tumefika ukungu umetanda, banda la pili hatulioni, achilia mbali Kibo. Maundi tukaambiwa muda hautoshi. Kurudi chini ni tope, kimya na kununiana, maana kila mtu alikuwa anamuwazia yule aliyetoa hela.

Mbega82
Pole, ila huo ni utapeli, mlima hauna kosa. Mwambie mtu akuoneshe leseni kabla hujatoa hata mia. Na usifikirie kupanda peke yako, hata safari ya siku moja inataka muongozaji.

Nyuki Mwekundu
Na mvua nayo ilikuwa ya utapeli?

DadaTaveta
Jameni, si mje huku kwetu. Kilimanjaro ukitaka kuuona wote uutazame kutoka Loitokitok ama Amboseli. Nyinyi mko kwapani mwake, mtaona nini?

Konda Mstaafu
Dada tulia, mlima ni wetu. Malkia Viktoria mwenyewe alimpa mjukuu wake wa Ujerumani kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, mpaka ukapindishwa.

MzeeWaKihamba
Hadithi hiyo haizeeki. Wilhelm, huyo mjukuu, alianza kuwa Kaiser (mfalme wao) 1888, na Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka 1886. Zawadi ilitoka wapi? Wajerumani walikuwa wameshawekeana mkataba na Mangi (chifu) Rindi wa Moshi 1885, ndiyo maana mstari ukazunguka mlima.

Konda Mstaafu
Mzee, babu yangu alituambia hivyo.

MzeeWaKihamba
Babu yako alisoma shule ya nani?

Kijana wa Mbagala
Wakuu tusitoke kwenye mada. Harusi ni katikati ya Aprili. Mama yangu naye yupo, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Halafu kuna shemeji, Mjerumani, naye anataka kwenda.

Mbega82
Aprili!

MzeeWaKihamba
Hayo ndiyo niliyokuwa nauliza tangu jana. Aprili ni masika yenyewe. Mama na magoti yake unampandisha Mandara kwenye utelezi? Na kwa shemeji andaa dola.

Konda Mstaafu
Kwa mama kuna uwanda wa Shira. Mnaingilia Londorossi, gari linapanda hadi juu ya mita 3,500. Hatembei.

Mbega82
Kutoka Moshi uzunguke hadi upande wa magharibi, barabara ya masika, na Noah? Tena unamtoa mama Dar usawa wa bahari, unampeleka mita 3,500 ndani ya siku mbili. Kichwa kitamuuma huyo mpaka aichukie harusi yenyewe.

Nyuki Mwekundu
Nendeni Chemka. Maji safi, vuguvugu, mizizi ya miti mikubwa, watoto wanacheza, mama anakaa kivulini.

DadaTaveta
Jumapili Chemka imejaa watu pomoni, muziki juu. Na hiyo barabara ya kutoka Boma Ng'ombe ikinyesha, Noah mtaisukuma.

Mama Ndizi Moshi
Mimi ni wa hukuhuku. Gawanyikeni. Shemeji na wa miaka 11 waondoke saa kumi na mbili asubuhi, wapande Mandara na muongozaji wao. Chupa za maji za plastiki za kutupa zisiingie hifadhini, mbebe za kujazia. Wengine wabaki Marangu Mtoni, maporomoko ya Kinukamori yako palepale, ngazi za kushukia zipo ila mama aishie juu. Kisha mtori, ile supu ya ndizi na nyama. Materuni kwa mwezi huo ni pazuri, maji yamejaa na yanaanguka kutoka mita 80 hivi, lakini njia ya miguu ni tope la kihamba (shamba la migomba), na tope la kihamba mnalijua.

Kijana wa Mbagala
Kugawanyika mke wangu hatakubali. Ila mtori umenigusa.

Konda Mstaafu
Mtori unausikia tu. Uliza kiburu, ndizi na maharage.

Mama Ndizi Moshi
Kiburu kwa mgeni? Mpe mtori kwanza, kiburu kina wenyewe.

Mbega82
Na mbege, pombe ya ndizi, je? Shemeji Mjerumani lazima aonje.

MzeeWaKihamba
Harusi ni ya upande gani, Kibosho au Rombo? Mbege wataikuta hukohuko Jumamosi, hiyo ya barabarani waachane nayo.

Kijana wa Mbagala
Machame, mzee wangu.

Konda Mstaafu
Machame? Basi Jumapili hamuendi popote, mtakuwa bado mnakula.