Kijana amepata leseni juzi: nimruhusu aendeshe Moshi–Arusha kila siku?

Mama Neema (Moshi):
Ndugu zangu, habari za wakati huu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na barabara yetu ya Moshi–Arusha. Mwanangu wa miaka 22 amemaliza mafunzo katika chuo kimoja cha udereva hapa mjini, amefaulu jaribio na amepata leseni ya daraja D. Kazi aliyoipata iko Arusha, na baba yake anaona tumkabidhi gari dogo la nyumbani awe anakwenda na kurudi kila siku, kwa kuwa kubadilisha magari njiani kunamchosha (baba yake husoma humu, kwa hiyo ninaandika kwa adabu). Sipingi kijana aendeshe. Kinachonisumbua ni kwamba mafunzo yake karibu yote yalifanyika uwanjani na katika mitaa ya Soweto na Majengo, mwalimu akiwa pembeni, na hajawahi hata mara moja kulipita lori. Nilipomuuliza angefanya nini akijikuta nyuma ya semi-trela pale Kikatiti, alinitajia alama za barabarani zote bila kukosea, lakini swali langu hakulijibu. Je, leseni inatosha? Kama haitoshi, tumfundishe nini, na kwa utaratibu gani?

Kijana wa Unga Limited:
Shikamoo mama. Kwa maoni yangu, mpe gari. Hakuna aliyezaliwa dereva, sote tumejifunzia barabarani. Hatari kubwa katika njia hiyo ni Noah na mabasi yanayokimbizana na muda, wala si vijana wenye leseni mpya. Ukimzuia leo, mwakani atakuwa hajui vilevile.

Dereva Mstaafu:
Mdogo wangu, ni kweli kwamba udereva hujifunzwa barabarani, ila hukusema anajifunza akiwa na nani kando yake. Mimi nimeendesha malori miaka mingi katika njia hiyo, kwa hiyo nitazungumzia kupita gari jingine, jambo ambalo vyuo vingi hulipitia juu juu.

Tuseme lori linakwenda kilomita 60 kwa saa na kijana anakwenda 80. Ili atoke nyuma yake kwa nafasi ya kutosha, alimalize, kisha arudi kushoto bila kumkata mwenye lori, anahitaji kulizidi kwa takribani mita 60, na kwa tofauti hiyo ya mwendo atatumia sekunde 11 hivi. Katika sekunde hizo gari lake litakuwa limetembea takribani mita 240, na gari linalokuja mbele kwa mwendo uleule nalo litakuwa limetembea mita 240. Maana yake ni kwamba anahitaji karibu nusu kilomita iliyo wazi mbele yake, na gari ambalo halijaonekana kwa sababu ya kona au mwinuko lazima alihesabu kuwa lipo. Mpeleke akakae pembezoni mwa barabara, mahali salama, ayatazame magari yakipitana, akadirie kwa macho nusu kilomita ni wapi. Wengi hushangaa ilivyo mbali.

Jambo la pili ni indiketa ya lori. Dereva wa lori akiwasha ya kushoto, mara nyingi anakuambia upite, na akiwasha ya kulia anakuonya kuwa kuna gari mbele. Ni ustaarabu mzuri, lakini huenda mwenzako anakata kona kweli, au alisahau kuizima tangu Usa River. Kijana aichukue kama taarifa tu, kisha aangalie mwenyewe. Asipite kamwe kwa ruhusa ya mtu ambaye si yeye atakayegongana.

Na kwenye mteremko wa kwenda daraja la Kikavu, au akitoka Kibosho na Marangu, apunguze gia kabla ya kuanza kushuka, gari lizuiwe na injini. Anayeshuka huku amekanyaga breki muda wote huzichemsha mpaka zinapoteza nguvu, na anayetoa gia ili kuokoa mafuta amejinyima msaada wa injini.

Mwalimu wa Udereva (Arusha):
Mama Neema, hofu yako ina msingi. Jaribio hupima kama mtu anaweza kulimudu gari na kama anazijua sheria. Uwezo wa kusoma barabara, yaani kumwona mtoto kati ya vibanda kabla hajavuka, au kutambua kwamba bodaboda iliyosimama Maji ya Chai inataka kuingia, huja kwa saa nyingi za kuendesha akiwa na mtu mzima anayemsemesha. New Zealand iliingiza utaratibu wa leseni za hatua kwa hatua mwaka 1987: dereva mpya huanza na msimamizi, kisha huendesha peke yake akiwa na vizuizi vya usiku na vya abiria, halafu ndipo huachiwa. Hakuna anayewazuia kuuiga nyumbani kwenu.

Ningeanza na asubuhi za Jumapili, Moshi hadi Bomang'ombe, baba akiwa pembeni. Kijana aseme kwa sauti kila anachokiona na anachotarajia kitokee. Ndani ya dakika chache utajua macho yake yako wapi. Wengi hutazama bampa ya gari la mbele. Baadaye aongeze Tengeru siku ya soko, kisha mvua, hasa mvua ya kwanza baada ya kiangazi ambapo vumbi na mafuta hufanya lami iteleze. Usiku uwe wa mwisho, na Desemba, watu wanapopanda Moshi kwa Krismasi, asiendeshe peke yake kabisa.

Kuhusu vibao vya 50, mfundishe sababu yake, asikihofie kibao kwa ajili ya tochi ya trafiki ya kupimia mwendo tu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu anayegongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 65 yuko katika hatari ya kufa mara 4.5 zaidi ya anayegongwa kwa kilomita 50.

Muuguzi wa Zamu:
Naongeza machache. Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29, na kijana wako yumo humo. Mkanda afunge yeye na kila aliyepanda, hata wa kiti cha nyuma, kwa sababu asiyefunga nyuma humrukia aliye mbele. Simu ikae kwenye begi, siyo mapajani. Halafu kuna uchovu: kilomita karibu 80 kwenda na nyingine kurudi, baada ya kazi ya siku nzima, kila siku. Kwa miezi ya mwanzo ningependa apange chumba Arusha, au apande basi siku za kazi na kuendesha mwishoni mwa wiki.

Kijana wa Unga Limited:
Hoja ya uchovu nimeikubali. Lakini hata mkimfundisha vizuri, Ngaramtoni tarehe 24 Februari 2024 lori liliyagonga magari mengine na watu 25 wakafariki. Waliogongwa walikuwa na kosa gani?

Dereva Mstaafu:
Hawakuwa na kosa, na hilo linawahusu wenye malori na wakaguzi. Dereva mdogo anachoweza ni kuacha nafasi. Achague nguzo, gari la mbele likiipita ahesabu polepole mpaka tatu kabla yeye hajaifikia. Kwenye mvua ahesabu sita. Akiona lori linamkaribia kwa kasi kwenye mteremko, akae pembeni mapema alipishe.

Mama Neema:
Nashukuru sana. Baba yake amesoma, na amekubali Jumapili. Swali la mwisho: gari lina bima ndogo. Je, tubadilishe?

Mwalimu wa Udereva (Arusha):
Bima ndogo hulipa madhara ya watu wengine tu, wakati bima kubwa hugusa na gari lenu. Mkiweza, chukueni kubwa, ila someni masharti kuhusu dereva mwenye leseni changa, kwani baadhi ya kampuni humtaka mwenye gari achangie kiasi kikubwa zaidi akisababisha ajali dereva wa namna hiyo. Ulizeni kabla ya hiyo Jumapili, na jibu lao mlipate kwa maandishi.