Naomba ushauri: Windows + L haifungi skrini

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada. Nina laptop ya Windows 10 Pro nimeinunua used, naifanyia kazi stationery, wateja wanaingia wanatoka, sasa nikiinuka kwenda kwenye mashine ya kopi nataka niifunge skrini chap maana humo kuna vitambulisho na vyeti vya watu.

Nikibonyeza Windows + L kimya. Kitufe chenyewe kizima, Windows + E inafungua mafaili fresh tu. Ctrl + Alt + Del inaleta Sign out na Task Manager ila Lock haipo kabisa, nikatengeneza shotikati ya amri ya kufunga skrini, rundll32.exe user32.dll,LockWorkStation, nayo naklik wee haifanyi kitu. Paswedi ipo, nikiwasha inaniuliza. Kwa sasa naiweka sleep, ila hiyo inakata kazi ikiwa inaprinti, kero tupu.

Je, hii itakuwa imezimwa kwenye registry (kule Windows inakohifadhi mipangilio yake) na mwenye nayo wa kwanza, na naifungulia wapi bila kupiga Windows upya? Na Dynamic Lock, ile ya kuunganisha simu kwa bluetooth ili skrini ijifunge ukiondoka na simu, itakubali wakati Lock yenyewe haipo?