Commodore 64 ya zamani, Mikindani: niiwasheje bila kuiua?

Mwambao_Kusini
Wakuu habari. Nina kompyuta ya Commodore 64 (C64) ya PAL, yaani mfumo wa TV wa Ulaya, ya soko la Uingereza, imekaa kabatini Mikindani miaka mingi. Adapta ni ile ya asili, tofali jeusi. Mikono ya saketi bodi kwa nyuma (kingo zenye vibamba vya kuchomekea vifaa) ina kutu ya kijani. TV ni ya chogo, ina matundu ya AV (picha na sauti). Je, adapta hii ni ya kuaminika?

Fundi_Mita
Usiichomeke kwenye mashine kwanza. Hiyo adapta ndiyo inayoua C64 nyingi. Inatoa volti 5 DC (mkondo mnyoofu) na volti 9 AC (mkondo geu). Regyuleta (kidhibiti) ya volti 5 imefukiwa ndani ya gundi ngumu, joto halina pa kutokea. Ikichoka inaachia volti zipande, na chipu za RAM (kumbukumbu) huungua mapema. Na taa nyekundu itawaka tu kama kawaida!

Chomeka adapta ukutani peke yake. Mita ya umeme iwe DC: kwenye plagi ya pini 7 inayoingia kwenye mashine, waya mweusi pini 2 (ile ya katikati ya nusu duara), mwekundu pini 5 inayofuata. Ikizidi 5.25, basi tena. Pini 6 na 7, zile za pembeni kabisa, pima kwa AC. Iache ipate moto nusu saa, upime upya, maana nyingi huharibika zikishapata joto. Hata ikifaulu, mimi nisingeiacha kazini muda mrefu.

Mbadala: pawasapulai ya volti 5, ampea 3, pamoja na transfoma ya volti 9 AC, ampea 1 au zaidi, kila upande na fyuzi yake. Usiweke volti 9 DC mahali pa AC. Saa za chipu za CIA (zinazoendesha kibodi na bandari) zinahesabu mawimbi ya 50 Hz kutoka hapo hapo.

Chumvi_na_Kutu
Kutu hiyo ni ya chumvi ya bahari, msiishangae. Fungua skrubu tatu za chini. Mikono ya bodi ifute kwa raba nyeupe, taratibu, kisha spiriti ya isopropili 99%. Ile ya kusafishia vidonda ina maji mengi, hiyo hapana. Chipu zilizo kwenye soketi zinyanyue kidogo kidogo pande zote mbili, uzirudishe. Mara nyingi tatizo ni miguu kushika oksidi tu.

Taa ikiwaka na skrini ikawa nyeusi, angalia fyuzi ya ampea 1.5 ndani kabla ya kulaumu chipu. Kuhifadhi: ndoo yenye mfuniko na pakiti za silika. Mfuko wa nailoni mtupu unafungia unyevu ndani.

Fundi_Mita
Picha: tundu la DIN (lile la duara lenye pini) la video, pini 4 picha, 3 sauti, 2 ardhi, moja kwa moja kwenye AV. Achana na njia ya antena. Skrini ikiandika 38911 BASIC BYTES FREE (nafasi ya kumbukumbu iliyo wazi), RAM imepita ukaguzi wa kuwasha. Namba ikiwa pungufu na hujachomeka katriji, kuna chipu ya RAM mbovu.

Mwambao_Kusini
Adapta imesoma 5.6 hata kabla haijapata moto.

Fundi_Mita
Hiyo imekwisha. Ila usitupe mkia wake: kata waya ukiacha nusu mita upande wa plagi. DIN ya pini 7 kuipata huku kusini ni kazi.